Nyumba ya Joy Adamson yastahili kusimulia yote

Abiria wanaosafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru hupita Kariandusi kila siku bila kujua wamepita wapi. Gari likishaiacha Gilgil, barabara huteremka, Ziwa Elmenteita hujitandaza upande wa kushoto likiwa limezungukwa na weupe wa magadi, na upande wa kulia huonekana vilima vyeupe ambavyo mgeni hudhani ni vya chokaa. Kumbe ni diatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini vilivyokufa na kurundikana chini ya ziwa lililokuwapo hapo zamani za kale. Ni mahali hapo ambapo mwaka 1928 msafara wa Louis Leakey uligundua mashoka ya mawe yaliyochongwa kwa mkono wa binadamu wa kale, ambayo wataalamu huyakadiria kuwa na umri wa kati ya miaka laki saba na milioni moja. Mengi yangali yamelala palepale yalipofukuliwa, mengine yakiwa ya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Aliyeyachonga hakuacha jina, wala hatujui alilala wapi usiku ule alipomaliza kazi yake.

Lakini ukirudi nyuma mwendo usiozidi kilomita 80, ukaipita Gilgil, ukaingia Naivasha na kushika barabara ya kusini mwa ziwa, utafika kwenye nyumba ya mtu ambaye twajua takriban kila kitu alichokishika. Nguo zake zipo. Picha alizozichora zipo. Mashine yake ya kupiga chapa ipo, na vitabu vyake vimepangwa. Nyumba yenyewe huitwa Elsamere, na mwenyewe alikuwa Joy Adamson, mwandishi aliyeuza mamilioni ya nakala kwa kisa cha simba jike mmoja wa Kenya. Wanaotoka Kariandusi na kufika Elsamere katika siku moja huwa wametazama ncha mbili za historia ya bonde hili: chombo kisichokuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliyezungukwa na vyombo vyake vyote.

Nasema haya kwa sababu nyumba ya mwandishi ni jambo zito. Taifa linapoamua kuihifadhi nyumba moja na kuiacha nyingine ianguke, huwa limeamua pia ni hadithi ya nani itakayosimuliwa kwa watoto wa shule wanaoletwa kwa mabasi siku ya ziara. Nami naona kwamba Elsamere, kwa uzuri wake wote, yastahili kumsimulia Joy Adamson akiwa kamili, na kuwasimulia pia wale waliomzunguka. Hebu basi tumtazame mwenyewe alikuwa nani.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo chini ya himaya ya Austria na Hungaria na ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Walitengana angali mtoto, naye akalelewa kwa sehemu kubwa na bibi yake na kuishi Vienna. Ujana wake ulikuwa wa mtu anayetafuta na asipate. Alisomea piano, akajaribu uchongaji, ushonaji na upigaji picha, na kila alichokianza alikianza kwa pupa kisha akakiacha. Wanaodhani kwamba waandishi wakubwa huzaliwa wakijua njia yao wangefaa kumtazama binti huyu. Alipofika umri wa miaka 25 hakuwa ameandika chochote cha maana, na alikuwa ameolewa na mfanyabiashara Myahudi kwa jina Viktor von Klarwill.

Ni ndoa hiyo iliyomleta Kenya. Wingu la Wanazi lilikuwa likitanda juu ya Austria, na Klarwill akaona ni busara kumtuma mkewe atangulie Afrika Mashariki kutazama kama wangeweza kuhamia huku. Joy akapanda meli mwaka 1937. Huko melini akakutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, na kabla mumewe hajauona mwambao wa Kenya ndoa ilikuwa imekwisha. Mwaka 1938 akaolewa na Bally. Ndiye huyo Bally aliyemwita Joy, na jina hilo likamganda hadi kufa kwake.

Mara nyingi miaka ya Bally hurukwa haraka, kwa kuwa wasomaji wana hamu ya kumfikia simba. Hilo ni kosa. Bally alizoea kusafiri nyikani na milimani akikusanya mimea, naye Joy akaanza kuichora. Alichora maua ya Kenya kwa uangalifu ambao wenye ujuzi waliusifu, na michoro yake ikatumiwa katika vitabu kadhaa vya mimea na bustani za Afrika Mashariki. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo. Kwa hiyo, miaka 13 kabla ya dunia kulisikia jina la Elsa, mwanamke huyu alikuwa tayari amepata heshima kwa kalamu na rangi.

Wakati huo alikuwa na mume mwingine. Mnamo 1944 aliolewa na George Adamson, aliyezaliwa India mwaka 1906 na ambaye tangu 1938 alikuwa afisa wa wanyama wa porini katika wilaya ya mpaka wa kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo. George alikuwa mtu wa maneno machache na kiko mdomoni, mwenye kuijua nchi ya kaskazini hatua kwa hatua. Joy alikuwa moto. Walioishi nao wameandika kwa wingi juu ya ugomvi wao, hasira za Joy, na uvumilivu wa George ambao mara nyingine ulikuwa ni ukaidi tu uliovaa nguo za upole. Hawakujaliwa watoto. Lakini hawakuachana kisheria hata siku moja, na hilo nalo lina maana yake.

Kati ya 1949 na katikati ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alizunguka nchi nzima, kutoka pwani hadi Turkana, akachora zaidi ya picha 500. Mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya watu hao. Picha nyingi zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa jijini Nairobi, na nyingine zilipambwa katika Ikulu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa zaidi, wala siogopi kupingwa na wapenzi wa simba. Mapambo mengine aliyoyachora hayavaliwi tena na mtu yeyote, na mafundi waliojua kuyatengeneza wamekufa. Mzee wa miji akiwa amevaa ngozi ya tumbili, bi arusi akiwa na shanga za ndoa, kijana aliyetoka jandoni juzi: wote waliketi mbele ya mwanamke Mzungu kwa saa nyingi wakimtazama, naye akawatazama.

Yapo ya kuuliza juu ya kazi hiyo. Ilifanywa kwa amri na fedha za serikali iliyokuwa ikiwatawala watu hao, na sehemu yake ilifanywa wakati wa hali ya hatari, pale maelfu ya Waafrika walipokuwa wamefungiwa nyuma ya seng'enge. Picha zenyewe hazionyeshi seng'enge. Zinaonyesha fahari. Mtazamaji wa leo anapaswa kuyashika yote mawili: kwamba mchoraji alituwekea hazina, na kwamba aliyelipa mshahara wake alikuwa na sababu zake za kutaka Mwafrika aonekane kama kitu cha kale cha kuwekwa ukutani.

Sasa tumfikie simba. Tarehe 1 Februari 1956 George alikuwa akimsaka simba aliyesemekana kumuua mtu. Simba jike mmoja akamrukia, naye akampiga risasi, kisha akagundua kwamba maskini mnyama yule alikuwa akiwalinda watoto wake watatu waliofichwa kwenye ufa wa mwamba. Akawabeba kwenda nao nyumbani. Wawili waliokuwa wakubwa zaidi walipelekwa baadaye kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam huko Uholanzi. Yule mdogo kabisa akabaki, na Joy akampa jina la Elsa, kwa kumkumbuka mama wa mume wake wa kwanza.

Aliyewatunza watoto wale wa simba kutwa kucha alikuwa Nuru, aliyekuwa mtunza bustani wa akina Adamson kabla ya kupandishwa cheo kuwa mlezi wa simba. Pamoja naye alikuwapo Makedde, askari wa wanyama wa porini, aliyetembea na Elsa mwituni bunduki begani. Msomaji wa kitabu atayakuta majina hayo, lakini atayakuta pembeni. Aliyeitazama sinema huenda asiyakumbuke kabisa. Huo ndio mwanzo wa malalamiko yangu, nami nitayarudia.

Jambo lililowafanya Joy na George wawe tofauti na Wazungu wengi waliofuga wanyama wa porini kwa mapenzi ni kwamba walikataa kumweka Elsa kifungoni maisha yake yote. Waliamua kumrudisha porini, naye hakuwa amefunzwa na mama yake kuwinda. Watu wengi wa wakati huo waliona ni upuuzi, kwamba mnyama aliyelelewa na binadamu angekufa njaa au angewashambulia watu. Jaribio la kwanza, upande wa Maasai Mara, lilishindikana na Elsa akaugua. Wakampeleka Meru, kando ya mto Ura, na huko mwaka 1958 akaanza kujitegemea. Akajifunza kuua. Akapata dume. Mnamo Desemba 1959 akazaa watoto watatu, na siku moja akawavusha mto na kuwaleta kambini kuwaonyesha wale waliomlea.

Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka mwaka 1960. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi na kusomwa na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika. Sababu ya mafanikio hayo si ufundi mkubwa wa lugha, kwani Joy aliandika Kiingereza kama lugha ya kuazima na alisaidiwa na wahariri, na sehemu kubwa ya habari aliitoa katika shajara na taarifa za George. Sababu ni kwamba alimwandika mnyama kama mtu anayemwandika jirani yake, mwenye tabia, mwenye kununa na mwenye kusamehe. Kabla ya hapo, vitabu vingi vya Wazungu juu ya simba wa Afrika vilikuwa ni vitabu vya kumuua. Msomaji alimkuta simba ukurasa wa kwanza na ngozi yake ukurasa wa mwisho. Joy aliugeuza mtindo huo chini juu, na kwa kufanya hivyo akabadilisha mawazo ya kizazi kizima cha watu wa Ulaya na Marekani kuhusu nini cha kufanya na wanyama waliosalia.

Elsa hakuufaidi umaarufu huo. Alikufa tarehe 24 Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akazikwa Meru. Watoto wake walikuwa wameanza kuingia katika mazizi ya wanavijiji na kuua mifugo, na wenye mifugo wakalalamika kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angelalamika. Mwaka huohuo wakakamatwa na kupelekwa Serengeti. Joy aliandika vitabu vingine viwili kukamilisha kisa hicho, na mwaka 1966 ikatoka sinema iliyopigwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, George akiwa mshauri wa mambo ya simba. Sinema hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake.

Fedha zilipoingia, Joy hakujijengea kasri. Lazima tumpe haki yake hapa. Mrabaha wa vitabu uliwekwa katika mfuko wa kuhifadhi wanyama, na sehemu kubwa ikatumiwa katika hifadhi za Kenya, Meru ikiwamo, ambayo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1966. Aliutoa utajiri kwa wanyama kwa mkono mkunjufu ambao watu waliomfanyia kazi hawakuuona. Hata George alipata kidogo sana kutoka katika kisa ambacho nusu yake kilikuwa chake. Wanyama walipata mapenzi, fedha na subira. Wapishi, madereva na wapagazi walipata, kwa ushahidi wa walioishi karibu naye, ukali, kufokewa na kufukuzwa kazi kwa makosa madogo.

Baada ya simba alikuja duma, Pippa, ambaye Joy alipewa mwaka 1964 na kumrudisha porini Meru kama alivyofanya kwa Elsa. Pippa alikufa mwaka 1969. Mwaka huohuo Joy alipata ajali ya gari iliyouumiza vibaya mkono wake wa kulia. Piano aliyoipenda tangu utotoni ikamshinda, na brashi pia. Akajifunza kupiga chapa na kufanya kazi nyingi kwa mkono wa kushoto.

Ni wakati wa majonzi hayo ndipo Naivasha inapoingia katika maisha yake. Elsamere ilikuwa imenunuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 iwe makao ya uzeeni ya Joy na George. Ni nyumba ya kawaida kwenye ukingo wa kusini wa ziwa, chini ya migunga mirefu yenye magome ya manjano, na bustani yake huteremka hadi kwenye mafunjo. Viboko hupanda kula nyasi usiku. George alifika hapo akiwa na simba dume aliyeitwa Boy, mmojawapo wa wale waliotumiwa katika sinema, ambaye alikuwa ameumia mguu na kufanyiwa upasuaji. Akamweka hapo hadi alipopata nafuu. Lakini Naivasha ilikuwa nchi ya mashamba na mifugo, na simba hakuwa na nafasi. Mwaka 1970 George akahamia Kora, kandokando ya mto Tana, akaenda na simba wake. Joy akabaki. Tangu hapo mume na mke walikaa mbalimbali, wakikutana mara mojamoja. Mnamo 1971 Boy alimuua msaidizi mmoja wa George huko Kora, na George akalazimika kumpiga risasi simba aliyemuuguza kwa mkono wake.

Kwa hiyo Elsamere, tofauti na wanavyodhani wageni wengi, haikuwa kamwe nyumba ya Elsa. Simba yule alikuwa amekufa miaka mingi kabla nyumba haijapewa jina lake. Ilikuwa nyumba ya mwanamke wa miaka 60, aliyeumia mkono na kuachwa na mume aliyewachagua simba. Hakuketi kulia. Aliwafuatilia mbega waliokuwa kwenye miti ya bustani, na bundi wakubwa waliojenga hapo, akaandika kitabu juu yao kilichotoka baada ya kufa kwake. Aliwapokea wageni. Aliandika barua zisizo na idadi. Habari za maisha yake mwenyewe alizichapisha mwaka 1978.

Mgeni anayefika siku hizi huonyeshwa vyumba, huoneshwa filamu kuhusu maisha ya Joy, na alasiri huandaliwa chai na keki kwenye majani ya bustani, mbega wakimvizia kutoka juu ya miti. Ni starehe ya kupendeza. Barabarani, kabla ya kufika hapo, amepita lango la mbuga ya Hell's Gate linaloitwa lango la Elsa, na amepita pia mitaa ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, ambayo yaliongezeka sana kuizunguka Naivasha baada ya kifo cha Joy. Ziwa ambalo yeye alilijua si hili la leo. Maji yalipopanda mwaka 2020 yaliwafukuza watu wengi kutoka makwao, na kabla ya hapo, katika miaka ya ukame, yalikuwa yamepungua hadi kutia hofu.

Katika nchi yetu nyumba za waandishi zilizohifadhiwa na kufunguliwa kwa wageni wa dunia ni chache, na mbili zinazojulikana kuliko zote ni hii ya Joy na ile ya Karen Blixen huko Nairobi, iliyofanywa makumbusho mwaka 1986. Wote wawili walitoka Ulaya, na wote wawili walifanyiwa sinema na watu wa nje. Sioni ubaya wa kuzitunza nyumba hizo. Nauliza tu juu ya nyingine. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, mwaka mmoja tu kabla ya Joy, na akafa 1962, wakati Joy alipokuwa katika kilele cha sifa. Ni watoto wangapi wa shule waliowahi kupelekwa Tanga kuliona kaburi lake kule Machui? Ni mgeni gani anayefika Mji wa Kale wa Mombasa na kuonyeshwa mahali alipokaa Muyaka bin Haji? Hata Mzungu mwenzake Joy, Llewelyn Powys, aliyeishi karibu na Gilgil kati ya 1914 na 1919 akichunga kondoo wa nduguye na kuja kuyaandika aliyoyaona, hatajwi na mtu njia ile, kwa kuwa hakuna aliyemfanyia sinema.

Narudi sasa kwenye malalamiko yangu. Nyumba ikishahifadhiwa, walinzi wake wana wajibu wa kueleza kisa chote. Mtoto wa Gilgil au Karagita anayeingia Elsamere anapaswa kutoka akimjua Nuru kama anavyomjua Elsa. Anapaswa kuambiwa kwamba wanavijiji wa Meru waliolalamikia mbuzi zao hawakuwa maadui wa wanyama. Anapaswa pia kuambiwa, bila kufichwa, jinsi mwenye nyumba alivyokufa.

Mwaka 1976 Joy alipata mtoto wa chui, akamwita Penny, na kwa ajili yake akaiacha Naivasha na kwenda kuweka kambi katika hifadhi ya Shaba, mashariki ya Isiolo. Alikuwa na umri ambao watu wengine hukaa barazani. Penny alikua, akarudi porini, akazaa. Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 Joy alitoka kambini kwa matembezi yake ya kila siku, na hakurudi. Mwili wake ulikutwa njiani. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema ameuawa na simba, na wengi walizipokea kama mwisho uliostahili kisa chake. Uchunguzi ukaonyesha kwamba majeraha yalikuwa ya silaha yenye makali. Alikuwa amebakisha siku 17 kutimiza miaka 70.

Aliyepatikana na hatia mwaka 1981 alikuwa kijana wa Kiturkana, mfanyakazi wake wa zamani aliyekuwa amefukuzwa kazi. Kwa kuwa haikuthibitika kwamba alikuwa ametimiza miaka 18 siku ya tukio, hakuhukumiwa kunyongwa, bali aliwekwa gerezani bila muda maalumu, akakaa humo miaka mingi. Hakuna kisingizio cha kumuua mwanamke mzee njiani, na siandiki haya kumtafutia. Lakini anayetaka kujua ni kwa nini jambo hilo lilitokea hawezi kuanzia usiku ule. Ataanzia kwenye mishahara, matusi na kufukuzana kwa miaka mingi, katika kambi moja baada ya nyingine, ambako chui alipikiwa nyama na mfanyakazi akahesabiwa sukari.

Mwili wake ulichomwa na majivu yakapelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George aliishi miaka mingine tisa Kora. Tarehe 20 Agosti 1989 alisikia milio ya risasi, akaingia garini pamoja na wasaidizi wake kwenda kumwokoa mgeni aliyevamiwa na majambazi, na akauawa. Wafanyakazi wawili, Wakenya, waliuawa pamoja naye siku hiyohiyo. Gari la George aina ya Land Rover limewekwa katika bustani ya Elsamere, na watoto hupenda kupiga picha kando yake. Hapo, ubavuni mwa gari hilo, ningependa kuyasoma majina ya wale wawili yakiwa yameandikwa kwa herufi zenye ukubwa sawa na za jina la George.